Kabla ya Kununua Nyumba Kijijini Kando ya Jiji, Kagua Kijiji Chenyewe

Mtu anayekwenda kuangalia nyumba katika kijiji kidogo kilicho kando ya jiji hutumia karibu muda wake wote ndani ya nyumba yenyewe. Hufungua mabomba, hugonga kuta, hukagua dari kama lina alama za kuvuja, huuliza jua la asubuhi linaingilia dirisha gani. Akitoka nje hutazama miti, husikiliza utulivu, kisha huuliza bei. Ukaguzi huo ni wa lazima, lakini vitu vingi anavyovikagua hapo ni vya kurekebishika: dari huzibwa, bomba hubadilishwa. Kisichorekebishwa na fundi yeyote ni kile kilichouleta ule utulivu, yaani maamuzi ya watu wachache kuhusu ardhi inayoizunguka nyumba.

Nashikilia kwamba katika kijiji kidogo cha viungani, nyumba ni sehemu ndogo tu ya kinachonunuliwa. Mnunuzi anaingia katika serikali ndogo kuliko zote atakazowahi kuishi chini yake: wapiga kura mamia kadhaa, bajeti nyembamba, na mara nyingi sauti kubwa juu ya ardhi. Serikali hiyo ndiyo yenye neno kuhusu shamba la mbele kama litabaki shamba, shule kama itabaki wazi, na basi kama litaendelea kufika. Kwa hiyo kijiji kikaguliwe kabla ya nyumba, na swali la kwanza liwe hili: je, bado kuna mahali pa kumweka mtu atakayekuja baada yangu? Wengi wataliona swali hilo kuwa la huruma kwa wengine. Kwangu ni swali la masilahi ya mnunuzi mwenyewe.

Tuanze na utulivu, maana ndio unaowavuta wengi, na haukujiotea. Mwaka 1869 wabunifu wa bustani na mandhari Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walichora ramani ya makazi mapya ya Riverside, kilomita kama 15 magharibi mwa katikati ya Chicago, kwenye njia ya reli. Wakati ule miji ya Marekani ilikuwa ikipimwa kwa mistari iliyonyooka. Wao walizipinda barabara makusudi, wakauacha ukingo wa mto uwe wa watu wote, wakaweka sharti kila nyumba isogee nyuma kutoka barabarani. Walengwa walikuwa watu wenye kazi mjini na uwezo wa kulipa nauli ya treni. Kampuni iliyouza viwanja iliyumba baada ya moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871 na mdororo wa uchumi wa 1873, lakini mwaka 1875 Riverside kikawa kijiji chenye serikali yake, na barabara zile zilizopinda zipo hadi leo. Reli na mchoro vilileta watu. Kulinda sura ya mahali ikawa kazi ya serikali ndogo iliyokuja baadaye.

Miaka 29 baada ya mchoro huo, Ebenezer Howard, Mwingereza aliyekuwa akijipatia riziki kwa kunukuu mijadala ya Bunge, alipendekeza miji midogo ya bustani ambayo ingeunganisha kazi za mjini na hewa ya shamba. Letchworth, kaskazini mwa London, ulianza kujengwa mwaka 1903 kwa kufuata wazo lake. Dunia nzima iliiga bustani na vichochoro vya kijani. Wachache sana waliiga sehemu niliyoiona siku zote kuwa ndiyo roho ya pendekezo lile: ardhi ya mji mzima ingekuwa mali ya pamoja, ili thamani yake inapopanda, faida irudi kwa wakazi wote badala ya kuishia mfukoni mwa aliyewahi kununua. Howard aliweka pia kikomo cha watu 32,000, na hapo hapo akaandika kinachofuata mji ukijaa: unajengwa mwingine jirani. Kwake ukomo ulikwenda pamoja na wajibu wa kuwapa nafasi waliobaki nje. Vijiji vingi vya viungani vilivyokuja baadaye vilichukua ukomo na kuuacha wajibu.

Ukomo huo ulipata nguvu ya sheria kupitia kijiji hasa. Euclid, nje ya jiji la Cleveland katika jimbo la Ohio, kilipitisha mwaka 1922 kanuni za kugawa ardhi yake: hapa nyumba za familia moja, pale majengo ya wapangaji, kule viwanda. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 ilizotarajia kuziuza kwa ajili ya viwanda, ikaenda mahakamani ikidai kwamba kanuni hizo zimeiporomosha thamani ya mali yake. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilikipa kijiji ushindi. Jaji George Sutherland, katika hukumu yake, alilifananisha jengo la wapangaji lililo katika mtaa wa nyumba za familia moja na kimelea kinachonyonya nafasi na mandhari iliyotengenezwa na wengine. Sentensi hiyo moja inaeleza mengi. Watu wanaopanga, ambao nao wanahitaji jua na hewa kama wenye nyumba, waligeuzwa kuwa hatari ambayo serikali ya kijiji ina haki ya kuizuia mpakani. Ardhi ile ya Ambler, kwa taarifa ya msomaji, baadaye iliishia kuwa ya viwanda. Lakini kanuni ya kisheria ilikuwa imeshasimama.

Nusu karne baadaye, Belle Terre, kijiji cha nyumba kama 220 na watu wapatao 700 huko Long Island, jimbo la New York, kilikataza watu zaidi ya wawili wasio na undugu kuishi pamoja katika nyumba moja. Wanafunzi sita wa chuo kikuu cha jirani walikuwa wamepanga nyumba humo. Mwaka 1974 Mahakama ile ile ilikiunga mkono kijiji. Jaji Thurgood Marshall alipinga. Aliona kwamba kijiji kinaweza kudhibiti idadi ya watu, magari na kelele kwa njia nyingine, lakini hakina haki ya kuingilia nani anaishi na nani. Namuunga mkono Marshall bila kusita. Watu mia saba walikuwa na uwezo wa kutafsiri familia ni nini, na tafsiri yao ikawa na nguvu ya sheria ndani ya mipaka yao.

Historia hii haiwezi kutajwa bila Levittown, New York, mtaa mkubwa ulioanza kujengwa mwaka 1947, ambako masharti ya awali yalikataza nyumba kukaliwa na watu wasio Wazungu isipokuwa watumishi wa ndani. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo katika nchi nzima. Hata hivyo, kanuni inayodai kila kiwanja kiwe kikubwa sana inaweza kumfungia nje mtu wa kipato cha chini bila kutaja rangi wala kabila lake. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey, katika kesi ya Mount Laurel, ilitamka kwamba manispaa zinazokua haziruhusiwi kutumia kanuni za ardhi kuwazuia watu wa kipato cha chini na cha kati, bali zibebe sehemu yao ya haki ya mahitaji ya makazi ya eneo zima. Hivyo mamlaka ya kijiji juu ya ardhi yamekuwa yakivutwa huku na huku mahakamani kwa karne nzima, na mnunuzi anayedhani ananunua chumba tatu na bustani anaingia katikati ya mvutano huo, ajue asijue.

Kwa nini wakazi hufunga milango? Sidhani kwamba ni kwa ubaya wa moyo. Mwanauchumi William Fischel alitoa maelezo ninayoyaona kuwa ya haki kwao: kwa familia nyingi, nyumba ndiyo karibu mali yote waliyo nayo, na hakuna bima inayouzwa dhidi ya mtaa kuharibika. Mtu anaweza kukata bima ya moto, hawezi kukata bima ya kelele za kiwanda kitakachojengwa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo huilinda mali hiyo kwa kura yake na kwa kwenda kikaoni. Mwaka 1969 mwanauchumi mwenzake, Wallace Oates, alipima manispaa 53 za New Jersey na kukuta kwamba kodi ya majengo ikiwa juu, thamani ya nyumba hushuka, na matumizi kwa wanafunzi yakiwa juu, thamani hupanda. Maana yake ni kwamba bei uliyotajiwa na dalali tayari imebeba ubora wa shule na uzito wa kodi. Ukiambiwa kwamba nyumba ni rahisi, uliza rahisi hiyo imetokana na nini.

Tatizo ni nani anaonekana kikaoni. Katherine Levine Einstein, David Glick na Maxwell Palmer wa Chuo Kikuu cha Boston walipitia mihtasari ya vikao vya mipango katika miji na vijiji 97 vya Massachusetts. Walikuta kwamba wanaosimama kuzungumza ni wenye umri mkubwa kuliko wakazi kwa jumla, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kumiliki nyumba, na wengi wao hupinga ujenzi mpya. Hilo halimshangazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Mpangaji mwenye zamu ya jioni hayupo. Mama mwenye mtoto mchanga hayupo. Na familia ambayo ingehamia katika nyumba inayobishaniwa haina kura, maana bado haijafika.

Sasa nije kwenye hesabu ambayo natamani kila mnunuzi aifanye. Chukua kijiji chenye nyumba 500. Kama wastani wa watu kwa nyumba ni wanne, kijiji kina watu 2,000. Zuia ujenzi kabisa, usibadilishe chochote, uache miaka ipite. Watoto wanakua na kuondoka, wazazi wanabaki wawili, baadaye mmoja. Wastani ukishuka hadi 2.5, nyumba zile zile 500 zina watu 1,250. Haikubomolewa hata moja, lakini watu 750 wametoweka, na wengi wao ni watoto na vijana. Hii si ndoto. Nchini Marekani wastani wa watu kwa kaya ulikuwa 3.33 mwaka 1960, na leo ni kama 2.5. Nchi nyingi nyingine zimefuata mwelekeo huo huo. Kijiji kinachojivunia kwamba hakijabadilika kwa miaka thelathini kimebadilika sana, na kimebadilika kwa kupungua.

Kupungua huko hakuonekani barabarani. Nyasi zimekatwa, kuta zimepakwa rangi. Kunaonekana kwenye daftari la mahudhurio ya darasa la kwanza, ambalo mwaka hadi mwaka lina majina machache, mpaka wenye mamlaka wanauliza kama inafaa kumlipa mwalimu kwa watoto tisa. Kunaonekana kwenye ratiba ya basi: safari ya saa nne usiku inaondolewa kwanza kwa sababu abiria ni wachache, na ikiondolewa, wafanyakazi wa zamu wanahama, abiria wanazidi kupungua, kisha inaondolewa safari ya saa mbili. Aliyenunua nyumba kwa sababu ya shule na basi hugundua baada ya miaka kumi kwamba vyote vilikuwa vinategemea watu ambao kijiji kilikuwa kinawakataa kikaoni. Ndiyo maana nasema kwamba swali la nafasi ya watu wengine ni swali la masilahi yako. Bei ya nyumba yako inaweza kupanda miaka mitano au kumi kwa sababu ya uhaba, na wakati huo huo mahali penyewe panazeeka chini ya miguu yako.

Mfano ulio wazi zaidi ni zimamoto. Katika vijiji vingi duniani hakuna askari wa zimamoto wanaolipwa mshahara. Kuna wakazi waliojitolea. Ujerumani, kwa mfano, ina takriban watu milioni moja wa kujitolea katika zimamoto, na vikosi vya kulipwa viko hasa katika miji mikubwa. Mpango huo ulifaa sana wakati seremala, mkulima na fundi wa kijiji walikuwa wakifanya kazi mita mia chache kutoka kwenye gari la zimamoto. Leo kijiji kilicho kando ya jiji huamka, hufunga milango na kwenda kazini mjini. Kengele ikilia saa sita mchana, waliojitolea wako ofisini, mwendo wa nusu saa au saa nzima. Vijana ambao wangeweza kuitika hawana uwezo wa kununua wala kupanga humo. Kikosi kiko kamili kwenye karatasi, lakini mchana wa siku ya kazi hakuna wa kuendesha gari.

Naeleza haya kwa sababu watu husifu vijiji kwa kusema kwamba majirani wanasaidiana, na ni kweli, naipenda sana hali hiyo. Kujuana kwa majina, mtu kutambua kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajafungua mapazia tangu juzi, watoto kutembea wenyewe kwenda shule bila wazazi kuwa na hofu: haya ni mambo ambayo jiji huyapata kwa shida, na yanatosha kumfanya mtu ahame. Lakini kusaidiana hakutoki hewani. Kunatengenezwa na saa za jioni za watu, na saa hizo zinaliwa na safari ya kazini.

Kwa hiyo safari hiyo ipimwe kwa uzito wake kamili. Dakika 45 kwenda na 45 kurudi, siku 230 za kazi kwa mwaka, ni saa 345. Hizo ni sawa na siku 43 za kazi za saa nane kila moja, zaidi ya wiki nane, kila mwaka, bila malipo. Mwanafizikia Cesare Marchetti alionyesha mwaka 1994 kwamba watu wa nyakati na mahali tofauti hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri, na kwamba vyombo vya usafiri vikiongezeka kasi, watu husogea mbali zaidi badala ya kuokoa muda. Mtu anayevuka kiwango hicho analipa kwa namna nyingine. Wanauchumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu za kazini waliripoti kuridhika kidogo na maisha, ingawa nadharia ya uchumi ingetarajia nyumba bora au mshahara mkubwa uwafidie. Haukuwafidia. Nadhani sababu ni kwamba nyumba kubwa tunaizoea ndani ya miezi michache, na foleni haizoeleki, maana kila siku ina usumbufu wake mpya.

Kuna pia gharama ya kutegemea gari. Novemba 2018 Ufaransa ilitikiswa na waandamanaji waliovaa vizibao vya njano. Kilichowasha moto kilikuwa ongezeko la kodi ya mafuta, na wengi wa waliotoka barabarani walikuwa wakazi wa miji midogo na vijiji ambako bila gari huendi kazini, huendi hospitali, hupeleki mtoto shule. Walikuwa wamesogea mbali kufuata nyumba wanayoimudu, na sera iliyoandikwa kwenye jiji lenye treni za chini ya ardhi ikawakuta hawana njia mbadala. Kituo cha Center for Neighborhood Technology cha Chicago kimekuwa kikisisitiza kwamba gharama ya nyumba na ya usafiri zihesabiwe pamoja na zisizidi asilimia 45 ya kipato. Hesabu hiyo hugeuza kabisa ulinganisho wa nyumba rahisi ya mbali na nyumba ghali ya karibu, hasa kama familia italazimika kuwa na magari mawili.

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema machache, kwa kuwa mkaguzi mzuri wa majengo atakueleza zaidi yangu. Uliza majitaka yanakwenda wapi. Nchini Marekani zaidi ya kaya moja katika kila tano hutumia mfumo wake yenyewe wa majitaka, na shirika la mazingira la serikali hushauri mfumo wa kawaida wa nyumbani ukaguliwe angalau kila miaka mitatu na shimo linyonywe kila miaka mitatu hadi mitano. Kama maji yanatoka kisimani, yapimwe kila mwaka kwa vijidudu na naitreti. Mpima ardhi athibitishe mipaka kabla ya kulipa, na wakili aangalie kama kuna mtu mwenye haki ya kupita katikati ya kiwanja chako. Kisha tembea pale siku ya mvua kubwa.

Bajeti ya kijiji nayo isomwe, na hapa nitakaa kidogo. Barabara, bomba na nguzo ya taa hugharimu kwa urefu wake, si kwa idadi ya watu wanaovitumia. Nyumba zikiwa mbalimbali, kila kaya hubeba mita nyingi zaidi za bomba. Kijiji kipya kinaweza kuonekana tajiri kwa miaka ishirini kwa sababu kila kitu ni kipya, kisha mabomba yote yakachakaa kwa pamoja. Tafuta kwenye bajeti kama kuna akiba ya ukarabati huo. Angalia pia mapato yanatoka wapi. Kama sehemu kubwa ya kodi hulipwa na ghala moja au kiwanda kimoja, siku kikifungwa mzigo utahamia kwenye nyumba, na yako ikiwemo.

Halafu soma mihtasari ya vikao ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Hakuna karatasi itakayokueleza kijiji kwa uaminifu zaidi. Utaona nini kimebishaniwa, nani huzungumza kila mara, maombi ya vibali yanachukua muda gani, na kama mgeni akitoa hoja anajibiwa au anapuuzwa. Angalia kura: kijiji ambacho kila jambo hupita bila hata mmoja kupinga kina uwezekano mkubwa kwamba maamuzi yanafanyika mahali pengine kabla ya kikao. Ukipata nafasi, hudhuria kikao kabla hujalipa chochote. Keti nyuma, sikiliza.

Omba na ramani ya matumizi ya ardhi, usiridhike na maneno ya muuzaji. Shamba tupu lililo mbele ya dirisha si ahadi. Huenda limetengwa kubaki wazi kwa sheria, na huenda limeshatengewa nyumba 80 na mwenye shamba anasubiri bei tu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na kwa macho yanafanana. Hata ukanda wa kijani unaoizunguka London, wenye mizizi katika sheria ya mwaka 1938 na sera ya taifa ya mwaka 1955, mipaka yake imewahi kupitiwa upya. Kwa maoni yangu, mnunuzi anayetaka mandhari isiguswe milele ainunue mwenyewe, au akubali kwamba anaiazima.

Wengi hukimbilia kununua kwa kuogopa kwamba bei zitawaacha nyuma. Nawashauri wapange nyumba kijijini kwanza kwa mwaka mmoja, kama kuna ya kupanga. Na kama hakuna hata moja ya kupanga, hilo lenyewe ni jibu la swali langu la mwanzo. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6 hurudisha karibu 216 kwa kila 100 zilizokopwa, na katika miaka mitano ya kwanza deni hupungua kwa kama 7 tu katika hizo 100, kwa kuwa sehemu kubwa ya malipo ya mwanzo ni riba. Anayegundua baada ya miaka miwili kwamba safari inamuua au kwamba majirani hawamtaki, atauza akiwa hajajenga chochote, na juu yake kuna ada za wakili, za dalali na za uhamisho. Mwaka mmoja wa kupanga humfundisha mtu kijiji kilivyo wakati wa baridi na wa joto, na nani hufungua mlango akibishiwa hodi.

Jambo la mwisho ninaloomba liangaliwe kwenye ramani ile ni nyumba ndogo. Familia changa hununua ya vyumba vinne kwa ajili ya watoto. Miaka thelathini baadaye watoto wamekwenda, magoti yanauma, ngazi zimekuwa ndefu, na kukata nyasi kunahitaji kijana wa kulipwa. Wazee wengi wa namna hiyo hawataki kuondoka kijijini, wanataka kuondoka kwenye nyumba tu. Wamezika wapendwa wao hapo, wanajua sauti ya kila gari. Lakini kanuni walizozipigia kura wenyewe, zinazodai kiwanja kikubwa na familia moja kwa kila nyumba, hazikuacha mahali popote pa kujenga nyumba ya vyumba viwili iliyo karibu na duka na kituo cha basi. Hivyo mmoja anabaki peke yake ndani ya vyumba vinne ambavyo familia changa ingevihitaji, na mwingine anahamia mbali, kati ya watu asiowajua, akiwa na miaka themanini. Kwa hiyo tafuta kwenye ramani ni wapi nyumba ya vyumba viwili inaruhusiwa kujengwa. Kama haipo popote na bado umekipenda kijiji, nunua ukijua kwamba pendekezo la kuibadilisha ramani hiyo litahitaji mtu wa kulipeleka kikaoni, na wewe, ukishakuwa mkazi, utakuwa na haki ya kulipeleka.